Neno la Mlangoni

Mzee alikuwa ameshalipa. Barua ameikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa koti, mkono mmoja uko kwenye komeo la mlango, ndipo aliponigeukia akasema, "Na ule mwembe, mwanangu, niliupanda mwaka aliozaliwa huyo anayenifukuza."

Nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili. Ndani mlikuwa na nambari ya shamba, tarehe ya kikao cha wazee wa ukoo, majina ya mashahidi watatu na ombi kwa chifu aje auone mpaka. Mwembe haukuwamo. Tuliketi pamoja karibu saa nzima, yeye akisimulia na mimi nikitaipu, na saa hiyo yote hakuutaja hata mara moja. Nikamwomba arudi aketi. Nikaifungua barua upya, nikaifuta aya ya kwanza, nikaanzia kwenye mwembe.

Saiba yenyewe iko karibu na steji kuu ya mabasi hapa Kisumu, chumba cha kompyuta sita na mashine moja ya fotokopi, na huu ni mwaka wangu wa tisa nyuma ya kaunta yake. Watu huja na maneno, nami huwatolea karatasi: barua kwa chifu, maombi ya basari, barua za kutafuta kazi, wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Wanakuja Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi, na kinachotukutanisha ni Kiswahili. Tangu siku ya yule mzee nimekuwa nikimsikiliza mteja kwa makini zaidi anapoinuka kuliko anapoketi. Si wote, lakini wengi mno hufika mlangoni wakasema jambo moja lenye uzito kuliko yote waliyonisimulia wakiwa wamekaa. Mimi huliita neno la mlangoni.

Jioni, saiba ikishafungwa, huandika makala zangu mwenyewe na kuziweka mtandaoni. Vijana wanaonijua huniuliza namna ya kuandika makala ambayo mtu ataisoma hadi mwisho. Wanatarajia niwape orodha ya mbinu. Mbinu zipo, na nitazigusa, lakini kama ningeruhusiwa kufundisha kitu kimoja tu ningefundisha hiki: tafuta neno la mlangoni, uanze nalo.

Sikulijua hilo nilipoanza. Makala yangu ya kwanza ilihusu ziwa letu, na ilifungua hivi: "Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, ndilo ziwa kubwa zaidi barani Afrika. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na linapakana na nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania." Kila neno hapo ni kweli. Niliendelea hivyo kwa aya kumi na moja: kina, mito, samaki, gugumaji. Katika aya ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, nikamweka mama yetu.

Mama alikuwa mchuuzi wa omena, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alinunua kwa gunia hapa Kisumu, akapanda nalo treni ya Butere, akauza kwa kipimo cha gorogoro katika masoko ya kando ya reli. Alifanya hivyo miaka yote tuliyokuwa shule. Niliandika sentensi tano juu yake, nikafunga.

Nikamtumia makala dada yangu aliyeolewa Nakuru. Siku mbili baadaye tukazungumza kwa simu. Akaniambia ameisoma, ni nzuri, ina mafunzo mengi. Akauliza habari za watoto. Kuhusu mama hakusema lolote. Nikaelewa kwamba hakumfikia. Dada yangu, aliyelibeba lile gunia pamoja nami alfajiri tukimsindikiza mama stesheni, alikuwa ameishia njiani mahali fulani kati ya kina cha ziwa na gugumaji, na sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyemficha mama nyuma ya kilomita za mraba 68,800.

Wiki hiyo niliiandika upya. Nilianza na gunia. Niliandika jinsi lilivyonuka ndani ya behewa, jinsi abiria walivyomsogeza mama hadi penye mlango, naye akasimama safari nzima, mkono mmoja ukishika chuma, mwingine juu ya gunia. Usiku uleule dada akapiga simu, saa tano, sauti imemjaa. "Umesahau kiraka," akasema. "Gunia lilikuwa na kiraka cha bluu. Ni gauni langu la shule, la darasa la tatu." Kweli nilikuwa nimekisahau. Nikakiongeza. Hadi leo, wasomaji wanaoniandikia kuhusu makala ile hukitaja kiraka kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini neno hilo lije mlangoni na si kitini? Nimelifikiria sana. Nadhani mtu akiketi mbele ya kaunta anazungumza na ofisi. Anajua barua rasmi ina anwani mbili, ina MINT, yaani mintarafu, iliyopigiwa mstari, ina "husika na mada iliyotajwa hapo juu", na anajitahidi kuyapunguza maisha yake yaenee humo. Akiinuka, ofisi imekwisha. Sasa anazungumza na mtu.

Sisi tunaoandika tuna ofisi yetu pia, nayo ni insha. Waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ambao mara ya mwisho ulifanywa 2023, wanaikumbuka insha ya alama 40. Tulifundishwa kuifungua kwa jua linalochomoza matlai na ndege wanaotumbuiza mitini. Tulirauka alfajiri ya Mungu hata kama kisa chenyewe kilitokea saa kumi jioni. Wahenga walinena katika kila aya, na mwalimu akaweka alama ya vyema kwa wino mwekundu kando ya kila methali. Siwabezi walimu wale. Mwalimu wangu wa darasa la saba ndiye aliyenipa nusu ya maneno ninayoyatumia hapa, na namshukuru. Lakini insha ile ilikuwa na msomaji mmoja aliyelipwa kuimaliza. Msomaji wangu wa sasa yuko ndani ya matatu ya Kondele, ameshika simu kwa mkono mmoja na nauli kwa mwingine, na hakuna anayemlipa. Akikutana na jua linalochomoza, ameshaliona jana kwa mwingine na juzi kwa mwingine. Anaendelea na safari yake.

Wasifu wa marehemu ndio ulionifundisha jambo hili kwa uchungu zaidi. Familia huja watu wanne au watano, macho mekundu, na huniambia yaleyale: alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mwenye bidii, aliyependa watu wote. Ni kweli, najua ni kweli. Lakini nimetaipu maneno hayo mara nyingi mno hata marehemu wote wa Kisumu wamekuwa mtu mmoja. Kuna familia iliyokuja kuandika ya mama yao. Tulipomaliza, kitinda mimba, kijana wa kama miaka ishirini, alibaki nyuma akisubiri chenji. Akasema, kama anayejisemea, "Alikuwa akituita kula kwa kupiga sufuria na mwiko. Mpaka leo nikisikia sufuria, nageuka." Nikamwomba ruhusa ya kuliongeza. Aliwatazama kaka zake waliokuwa nje, akakubali. Nilisimuliwa baadaye kwamba msomaji alipofika kwenye sufuria, uwanja mzima ulinyamaza.

Kuna watafiti waliolichunguza suala la kusoma mtandaoni kwa vipimo. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Marekani, alieleza alichokiona kwa watu waliofunguliwa kurasa mpya za intaneti: katika kila 100, 79 walipitisha macho tu, na 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 akachapisha matokeo mengine, baada ya kufuatilia macho ya wasomaji 232. Njia waliyopita ilifanana na herufi F: mstari wa juu unasomwa karibu wote, wa chini yake kiasi, kisha macho yanateremka kwa kasi ukingo wa kushoto.

Wengi wakisikia haya huamua kwamba dawa ni kukatakata makala iwe vitone na orodha, "njia saba za hivi", "mambo kumi ya vile". Mimi nayasoma vingine. Tazama ile herufi tena. Mkono wake wa juu ni mrefu. Msomaji yuleyule tunayemwita mvivu anakupa mstari wa kwanza wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bure, kabla hujamfanyia lolote. Ni zawadi kubwa. Tunaipokea na kuitumia kumwambia kwamba katika ulimwengu wa leo maji ni uhai.

Kulipata neno la mlangoni huchukua muda, na hapa ndipo waandishi wengi vijana hunipotea, kwa sababu wanataka kulibuni. Halibuniki. Inabidi uende ukakae, kisha uinuke.

Nilipotaka kuandika juu ya mgongo wazi nilikwenda mtaa wa Obunga, hapahapa Kisumu, mara tatu. Kwa wasiofahamu, mbuta, ambaye wengine humwita sangara, akifika kiwandani hutolewa minofu, na minofu hiyo husafirishwa nje ya nchi. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Hicho ndicho mgongo wazi. Huja Obunga, ambako akina mama hukikaanga katika makarai makubwa kandokando ya njia, na kutoka hapo ndicho kitoweo cha nyumba nyingi za mji huu.

Siku ya kwanza nilirudi na daftari limejaa na sikuwa na kitu. Nilikuwa nimeandika "wanawake wenye bidii", "moshi mzito", "mazingira magumu". Maneno hayo ningeyaandika bila kutoka saibani. Siku ya pili nilimsaidia mama mmoja kupanga kuni, nikajifunza kazi inavyokwenda: mafuta yanayosubiriwa mpaka yaache kutoa povu, kichwa kinachotangulia kwa sababu ni kinene, mkia unaofuata. Niliandika kurasa mbili nzuri za namna kitu kinavyofanywa, na nilizihitaji baadaye. Lakini bado sikujua makala inaanzia wapi.

Siku ya tatu sikuuliza swali lolote. Niliketi kwenye kigoda, tukazungumza juu ya karo na mvua. Nilipoaga, nikiwa nimeshasimama na kujipangusa majivu, akasema, "Wajua, samaki huyu amebakiwa na nyama mahali pamoja. Shavuni. Hiyo siuzi. Hiyo ni ya watoto." Akainua kichwa kimoja kutoka kwenye beseni, akanionyesha kwa kidole gumba.

Makala ilianzia kwenye shavu. Na tazama kilichotokea kwa takwimu na historia zote ambazo huko nyuma zingekuwa ukuta: sasa zilikuwa na pa kukaa. Msomaji aliyekwisha kuliona shavu anataka kujua nyama nyingine ilikwenda wapi. Hapo ukimwambia kwamba mbuta hakuwa wa ziwa hili, kwamba aliingizwa katika miaka ya 1950, kwamba akaongezeka akawala samaki wadogo wa asili, kwamba katika miaka ya 1980 viwanda vya minofu vikaota kandokando ya ziwa, anasoma kila mstari. Ni mambo yaleyale yaliyomchosha dada yangu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii msomaji ndiye aliyeyauliza.

Yule mama alikubali niandike, kwa masharti mawili: nisitaje jina lake na nisimpige picha. Niliyashika yote mawili. Nasema hili kwa uzito kwa sababu sikuwa hivyo siku zote. Mwaka wangu wa kwanza wa kuandika nilisimulia habari za jirani aliyeachwa na mumewe. Sikutaja jina. Lakini nilitaja mti wa mlangoni kwake, rangi ya lango, na kibanda chake cha mboga, na kwetu mtaani hayo yanatosha kuliko jina. Habari zilimfikia kanisani. Hakunigombeza. Aliacha tu kunisalimia, na kila asubuhi nilipita mbele ya kibanda chake nikitazama chini. Niliifuta makala, ingawa ndiyo iliyokuwa imesomwa kuliko zote hadi wakati huo. Ilichukua karibu mwaka kabla hajaniuliza tena, "Umeamkaje?" Siku hizi kila ninayemwandika humsomea sehemu yake kwa sauti kabla haijatoka. Akisema hapana, inabaki kwangu. Neno la mlangoni ni mali ya aliyelisema, na ndilo analoweza kudhurika kwalo zaidi.

Kuhusu katikati ya makala, shule yangu ni soko la Kibuye. Nenda Jumapili, soko likiwa limefurika, umtazame muuza omena. Anajaza gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia, mpaka omena wanachongoka juu kama kichuguu. Anamimina kwenye mfuko wako. Kisha, kabla hujafunga, anachota konzi moja nyingine na kuitupia juu. Nyongeza. Hukuilipia wala hukuiomba, na kwa ajili ya konzi ile utampita kila muuzaji mwingine wiki ijayo umtafute yeye.

Msomaji wangu namtupia nyongeza namna hiyo, jambo ambalo hakulijia lakini atalibeba nyumbani. Katika makala ya mama, nyongeza ilikuwa mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Taa huvuta wadudu na samaki juu ya maji, lakini mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi wa omena huzitegemea siku za giza. Mama hakuwa na kalenda ukutani. Alitoka nje usiku, akatazama juu, akarudi ndani akasema, "Wiki ijayo bei itapanda, tununue leo." Mtu anayeishi Machakos na hajawahi kula omena aliniandikia kwamba tangu asome hapo kila akiuona mwezi mpevu huwaza bei ya samaki. Konzi moja tu ile, tena haikuchukua hata mistari sita.

Lugha imenisumbua zaidi kuliko yote, na bado. Nikiandika omena, msomaji wa Mwanza anasema ni dagaa. Nikiandika mbuta, ananiambia sangara. Kuna wakati nilikuwa nikisafisha kila kitu kiwe Kiswahili cha kitabuni, mpaka watu wangu wa Kisumu wakazungumza kama watangazaji wa redio. Mzee wa mwembe hakusema "mmea wa matunda". Akina mama wa Obunga hawasemi "mabaki ya samaki waliochakatwa". Wana neno, nalo ni mgongo wazi, na ukilisikia mara moja unamwona samaki. Kwa hiyo sasa nashika neno la mwenye kitu, na sentensi inayolizunguka ndiyo inayobeba kazi ya kumweleza mgeni. Asipoelewa mara ya kwanza ataelewa mara ya pili. Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa sisi sote tulio mbali na pwani, na sioni sababu ya kukiandika kana kwamba tumekiazima kwa saa mbili.

Mengine ni ya upesi. Huisoma rasimu yangu kwa sauti saibani, wateja wakishaondoka. Pumzi inaponiishia kabla ya nukta, sentensi hiyo naikata. Kisha naisoma tena kwenye simu ndogo, kwa sababu aya ya mistari sita kwenye kompyuta hujaza kioo chote cha simu, na msomaji akiona ukuta hurudi nyuma. Picha huzipunguza uzito kwanza. Anayenunua bando la siku hawezi kulimalizia kwenye picha zangu tatu za machweo. Kichwa cha makala hukiandika mwisho, nikikichukua ndani ya makala yenyewe, na siahidi juu kitu ambacho hakimo chini. Nimeona vichwa vinavyopiga kelele za ajabu na ndani hamna kitu. Msomaji aliyedanganywa hivyo mara moja hanisamehi mimi ninayemfuata pia.

Na uhakikishe unayoyasema. Katika makala ya mama niliandika kwamba treni ikitoka Kisumu hupita Yala kisha Luanda. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli akaniandikia kwa upole kwamba nimegeuza: ni Maseno, kisha Luanda, ndipo Yala, halafu Butere. Nilikuwa nimeiamini kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya gunia. Nilirekebisha siku hiyohiyo, na chini nikaeleza kwamba nimerekebisha. Ndipo yule mzee akaanza kunitumia kumbukumbu zake mwenyewe za reli, moja baada ya nyingine, hadi ile ya babu yake aliyemsimulia habari za Desemba 1901, reli ilipofika ukingo wa ziwa mahali palipokuwa pakiitwa Port Florence. Kosa langu lililoungamwa lilinipa msomaji ambaye usahihi wangu haungenipa.

Namna ya kumaliza nilijifunza kwa bibi mzaa mama, ambaye aliolewa Ujaluoni na akasimulia sigana, yaani hadithi, kwa Kijaluo. Hadithi ikifika mwisho alisema "Thu tinda," akageukia ukutani kulala. Hakutuuliza tumejifunza nini. Tulibaki gizani na fisi wake, kila mtoto na wake, na asubuhi tukabishana. Nikimaliza rasimu huifunika aya ya mwisho kwa kiganja. Mara nyingi makala huwa imeisha juu ya kiganja, nami hufuta kilicho chini yake.

Ijumaa iliyopita alikuja mama mmoja mzee pamoja na mjukuu wake, msichana aliyepata nafasi katika shule ya upili. Walihitaji barua ya kuambatanisha na fomu ya basari. Nilimuuliza ya kuuliza, akanijibu kwa ufupi, na kwa kuwa fomu ilisema "mzazi au mlezi" nikaandika: "Mimi ni mlezi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu." Nikachapa. Akalipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili. Wakatoka.

Nikasikia ndala zikirudi. Alisimama kizingitini, barua mkononi, kidole kwenye mstari.

"Mwanangu, hapa ulipoandika mlezi, waweza kuandika nyanya?"

Nikamweleza kwamba fomu ndiyo inayotaka neno mlezi.

"Fomu sawa," akasema. "Barua ni yangu."

Nikaifungua. Nikafuta mlezi, nikaandika nyanya, nikachapa upya. Karatasi ya kwanza aliichukua pia, akampa msichana, naye akaigeuza upande usio na maandishi, akaikunja vizuri, akaitia katika mkoba wa shule.